Gari Lililoitwa Arusi

Fadhul Kamisi aliosha gari kabla ya kuosha uso. Watu wa mtaa wa Awindiri walimcheka kwa hilo. Mke wake Hawah, ambaye ni dada yangu, aliwaambia wageni kwamba siku mumewe akifa wataomba sanda mbili, moja yake na moja ya kufunika boneti. Fadhul hakukasirika. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana na sauti kubwa, Mnubi wa Arua, mtoto wa askari wa zamani. Mimi nililima Dranya, huku Koboko, na kila alipokuja kututembelea alinikalisha ndani ya gari na kuniambia nisikilize injini. Nilisikiliza. Sikujua nisikie nini.

Lilikuwa Benzi jeusi, lenye mapezi mawili nyuma kama ya samaki, viti vya ngozi nyekundu, na ubao wa mti uliong'aa mbele ya dereva. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara mmoja Mhindi wa Arua, na mwaka 1971 Fadhul alikuwa dereva wake. Mwaka uliofuata Wahindi walifukuzwa. Yule bwana alimwachia funguo mkononi, akapanda lori na mkewe, akaenda. Wiki haikwisha, Kapteni Angelo akaja nyumbani kwa Fadhul na askari wawili.

"Wewe ndio unajua tabia yake?" akauliza, akigonga boneti kwa fimbo.

"Ndiyo, afande."

"Basi ingia. Wewe ni kipande ya motokari."

Hivyo Fadhul akachukuliwa pamoja na gari. Kapteni hakuwa mbaya kuliko wengine. Alilala kiti cha nyuma na viatu vyake, na Fadhul akawa anatandika gunia chini yake akidai eti ngozi ina joto.

Kapteni walimuua mwaka 1974, mchana, nje kidogo ya Arua. Gari la jeshi lilikuwa limesimama katikati ya barabara na askari waliokuwa pale walimjua kapteni kwa jina. Walitabasamu. Mmoja akasema, "Kapteni, habari ya safari?" na kapteni akashusha kioo ili ajibu. Risasi ya kwanza ilimkuta mdomo wazi. Walifungua mlango, wakamvuta kwa mkanda, wakammalizia barabarani kwa vitako vya bunduki, huku Fadhul ameshika usukani, sikio lake la kushoto halisikii kitu. Kisha mmoja akainama dirishani kwake.

"Wewe dereva. Dereva ameona nini?"

"Dereva anaona barabara, afande."

Walicheka sana. Jibu hilo ndilo lililomwokoa. "Basi ona barabara," wakasema, naye akaendesha hadi mjini, kanyagio zikiteleza kwa damu chini ya viatu vyake.

Mjane wa kapteni hakutaka hata kulitazama. Askari nao hawakulitaka, kwa sababu kila mtu aliona kwamba anayekaa katika kiti kile atatafutwa na waliomtafuta kapteni. Gari likabaki nje kwa Fadhul. Hivyo ndivyo dereva alivyopata Benzi. Lakini nani apande? Damu ilikuwa imeingia ndani ya viti. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akasugua kwa mafuta ya taa, na jua likichomoza nzi walirudi.

Aliyelitibu alikuwa shangazi yake, Sadiya, mwanamke mzee asiyejua kunyamaza.

"Ninyi wanaume munaosha motokari kama sufuria," alimwambia. "Hii iko mwanamke. Ameona mubaya. Leta dukhani."

Kwa Wanubi, msichana akikaribia kuolewa wanawake humkalisha juu ya moshi wa miti yenye harufu nzuri, wamemfunika blanketi, mpaka ngozi yake ichukue ile harufu. Huo moshi ndio dukhani. Sadiya na wenzake waliweka chungu cha moshi ndani ya gari, wakafunga vioo, wakalifunika lote kwa mablanketi, wakakaa pembeni wanaimba na kutukana wanaume kama wafanyavyo kwa msichana kweli. Walipaka hina kwenye ngozi pale palipokuwa na doa. Siku walipofunua, harufu ya damu ilikuwa imekwisha, na watoto wakapiga kelele, "Arusi ametoka!" Huku kwetu arusi ni bibi arusi mwenyewe, na gari likaitwa Arusi tangu hapo.

Fadhul akawa anabeba maarusi. Msichana wa Awindiri aliyeolewa bila kupanda Arusi alihesabiwa kwamba ameolewa nusu. Alifika nalo Koboko, alifika nalo hata mpakani. Vijana wa kijiji cha Onduparaka waliposhinda mechi ya mpira walimwomba awazungushe mjini, akawafungia vioo. "Arusi hapana beba jasho," aliwaambia.

Kiswahili chetu sisi watu wa huku kinajulikana. Mtu iko, mbuzi iko, motokari iko. Fadhul alikuwa anasema, "Arusi iko na kiu," akimaanisha petroli, au "Arusi leo iko na homa," akimaanisha injini inachemka, na wageni walimpa pole ya mke.

Gari lilizeeka. Mwaka 1978 sakafu ilikuwa imeliwa na kutu na abiria waliona barabara ikipita chini ya miguu yao. Gia ya pili iliruka, ilibidi kuishika kwa mkono. Vipuri havikupatikana popote Uganda, betri ikafa, na tangu hapo halikuwaka bila kusukumwa. Bwana arusi na rafiki zake walisukuma wakiwa ndani ya kanzu nyeupe, Fadhul ametoa kichwa dirishani anawapigia kelele. "Sukuma, bwana arusi! Kama hii imekushinda, ile ingine utaweza?"

Mwaka 1979 serikali ilianguka Kampala na jeshi likakimbilia kwetu. Walikuja kwa malori, kwa baiskeli, kwa miguu, wakielekea Sudan na Zaire, na Watanzania nyuma yao. Gari lolote lililotembea lilichukuliwa, na mwenye gari akikawia kutoa funguo aliachwa barabarani. Arua mtu mmoja alipigwa risasi kwa ajili ya pikipiki isiyo na tairi.

Fadhul alikuja kwangu Dranya alfajiri moja na Hawah, shangazi Sadiya, na binti yao Rehemah, aliyekuwa na miaka ishirini. Rehemah alikuwa aolewe mwezi ule. Mchumba wake alikuwa askari, na hakuna aliyejua yuko wapi. Nilikuwa na banda la udongo la kukaushia tumbaku. Tulibomoa ukuta mmoja, tukaliingiza gari, tukajenga ukuta upya na kuupaka matope ya zamani ufanane na mwingine. Kabla ya kujenga, Fadhul alichomoa rota, kipande kidogo kama kidole gumba kinachogawa moto wa injini, akampa Hawah aifunge kwenye pindo la kitambaa chake.

"Shemeji Yugu," akaniambia, mikono imejaa matope, "mimi nitakufa kabla askari hajaitoa hii hapa."

Nikaona anasema kweli, na nikaogopa, kwa sababu nyumba ilikuwa yangu.

Tukakaa karibu mwezi. Halafu Sadiya akaenda soko la Koboko kutafuta chumvi. Alikutana na mwanamke wa Arua aliyefahamiana naye, na yule, baada ya salamu, akauliza, "Na Arusi yenu? Askari hapana chukua?"

"Achukue nani?" Sadiya akajibu kwa sauti ile yake. "Arusi yetu iko Dranya, kwa Yugu. Tumeficha, tumefunika. Iko nzuri vile vile!"

Nyuma yao, juu ya magunia, walikaa askari. Yeye mwenyewe alitueleza haya baadaye, akijipiga midomo kwa kiganja.

Walifika siku hiyo hiyo kabla ya mchana, watano, Sadiya akiwa ndio kwanza amerudi. Sajini alikuwa amefungwa shingo kwa kipande cha pazia lenye maua, na pazia limekauka damu. Hawah aliwaona wakivuka shamba la mihogo. Alimsukuma Rehemah ndani ya ghala la mtama, lile la kusuka lililosimama juu ya nguzo, akamfunika kwa masuke, akarudi kutwanga.

"Nani Yugu?" sajini akauliza.

"Mimi."

Alinipiga kofi nikakaa chini. Kisha akamgeukia Fadhul. "Iko wapi arusi?"

Fadhul alitingisha kichwa. "Hapana hapa, afande. Ilibaki Arua."

"Mama mzee amesema sokoni. Iko hapa, mumeficha, mumefunika."

"Alidanganya, afande. Huyu mzee anapenda sifa."

Sajini aliita askari mmoja mrefu. Wakamvuta Fadhul mpaka kwenye kinu cha Hawah, wakaushika mkono wake wa kulia juu ya mdomo wa kinu, na yule mrefu akashusha kitako cha bunduki. Tulisikia mifupa. Fadhul alipiga magoti, lakini mkono hawakuuachia.

"Iko wapi?"

Yule mrefu akashusha tena. Hawah alishika mchi kwa mikono miwili na nikamwona anapima kichwa cha sajini, nikamfanyia ishara kwa macho asithubutu.

"Afande," Fadhul akasema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, "muache hiyo. Haina faida kwenu. Iko mzee. Imechoka. Imebeba watu wengi sana."

Askari walitazamana, wakaangua kicheko. "Imebeba watu wengi!" mmoja akarudia, akimpiga mwenzake begani.

"Sisi hapana chagua," sajini akasema. "Sisi pia tumechoka. Iko na miaka ngapi?"

"Ishirini, afande. Sasa inaingia ishirini."

Kicheko kikakatika.

"Ishirini," sajini akasema polepole, "na wewe nasema iko mzee?"

Nilimwona Fadhul akielewa. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Miaka ishirini: lile gari lilitoka kiwandani mwaka aliozaliwa Rehemah, na yeye alizoea kuwaita mapacha. Sasa alijua watu hawa wamekuja kutafuta nini, na amekuwa akizungumza nao kuhusu nani.

"Motokari!" akapiga kelele. "Arusi iko motokari! Jina yake Arusi! Benzi, afande, Benzi!"

"Motokari iko na jina ya arusi? Wewe unafanya mimi mutoto?" Sajini alimpiga teke la mbavu.

Sadiya akajitupa katikati. "Walahi iko motokari! Mimi mwenyewe nilifukizia yeye dukhani!" Hilo halikumsaidia. Motokari gani inafukiziwa? Yule mrefu alimpiga kitako cha bunduki kifuani, na bibi yule akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

"Tafuta," sajini akasema.

Wawili waliingia nyumbani mwangu na tukasikia vyungu vikivunjika. Yule mrefu aliliangalia ghala, akalizunguka, akafunga singe kwenye bunduki yake, akaanza kuchoma masuke kupitia ukuta wa kusuka. Alichoma polepole, kama mwanamke anayejaribu kiazi kama kimeiva.

Fadhul hakulitazama ghala. Alisimama, akachukua jembe kwa mkono wa kushoto, akakimbia kwenye banda la tumbaku. Sajini alimwelekezea bunduki ila hakupiga, labda kwa kuwa mtu anayekimbia kushambulia ukuta hakuwahi kumwona. Fadhul alipiga ule ukuta tulioujenga wenyewe, akaupiga kwa jembe, kisha kwa bega, analia na kutukana, na udongo ukaanguka, na ndani ya vumbi ikatokea ile pua nyeusi na taa zake mbili.

Askari mmoja kijana alitoka nyumbani mwangu na sufuria kichwani. Aliposimama akaiacha sufuria ianguke.

"Afande, kweli! Hii ndiyo Arusi. Mimi ni mtoto wa Arua. Ilibeba dada yangu."

Sajini aliliangalia gari, akatazama njia ya kwenda Sudan, na nikaona kwamba hataki tena kitu kingine. Lakini yule mrefu hakugeuka. Bado alikuwa kwenye ghala, sasa anachoma upande wa chini, na kila singe ilipoingia Hawah alifumba macho.

"Mama Rehemah, leta rota," Fadhul akasema.

Hawah alifungua pindo kwa meno. Fadhul hakuweza kutumia mkono wa kulia, vidole vilikuwa vimeelekea kila upande, kwa hiyo mimi nilishika kifuniko na yeye akairudisha rota mahali pake kwa mkono wa kushoto. Nilisikia anapumua kama ng'ombe. Alifunga boneti kwa upole. Hata siku ile hakuibamiza.

"Washa," sajini akasema.

"Betri imekufa, afande. Lazima kusukuma."

"Sukuma basi!"

"Iko nzito, afande. Iko nzito kama nyumba. Watu wawili watatu hapana weza." Akainua mkono uliovunjika, akaonyesha ghala. "Bila yule mrefu pale, haitoki."

Sajini akapaza sauti. "Wewe kule! Acha mtama ya watu! Kuja sukuma, ama tutaacha wewe hapa na Watanzania!"

Yule mrefu alichoma mara nyingine, kwa hasira, akachomoa, akaja mbio akivaa bunduki mgongoni.

Kijana wa Arua alikaa kwenye usukani, kwa kuwa alijua kidogo kuendesha. Sajini akakaa karibu naye. Waliobaki, na mimi, na Hawah aliyeacha mchi, tuliinamisha mabega nyuma kwenye yale mapezi. Fadhul alikimbia kando ya dirisha la dereva.

"Tia gia ya pili. Shika na mkono, inaruka. Usiache klachi haraka, mwanangu, polepole, yeye hapendi haraka. Ikichemka, simama. Unasikia? Simama upumzike."

Gari lilishuka kwenye kiteremko cha shamba, likakohoa, likanyamaza. Tukasukuma tena. Nilikuwa bega kwa bega na yule mrefu na nilisikia harufu yake. Likakohoa mara ya pili na likawaka, na moshi wa buluu ukatufunika wote. Askari walirukia milangoni kila mmoja akiogopa kuachwa. Fadhul alikuwa ameweka mkono wake mbovu juu ya paa. Alikwenda nalo hatua kadhaa hivyo, kisha paa likapita na mkono ukabaki hewani. Yule mrefu, kichwa kikiwa nje ya dirisha, alipiga risasi kuelekea kwetu kwa mchezo tu. Ilimuua mbuzi wangu.

Tulimtoa Rehemah. Singe ilikuwa imempita katika nyama ya paja na kutokea upande wa pili, na masuke yameifuta damu wakati inachomolewa. Alikuwa ameuma kitambaa mpaka kimetoboka.

Hatukungoja. Sadiya alisimama, akajishika kifua, akasema anaweza kutembea, na kweli alitembea. Tulimfunga Rehemah paja, tukampaka majivu usoni na kwenye nywele, Hawah akamvisha matambara na kumpa fimbo aonekane bibi mzee. Njia ya Zaire ilitulazimu kuvuka barabara kubwa ya Koboko. Tulifika hapo jua likiwa bado juu.

Arusi lilikuwa limesimama barabarani, moshi unatoka mbele. Lilikuwa limechemka na wao hawakusimama. Askari wengine, wengi, waliokuwa wanatembea kwa miguu, walikuwa wameligombania. Sajini alilala kifudifudi na pazia lake. Yule mrefu alikuwa nusu ndani nusu nje ya mlango wa nyuma. Kijana wa Arua amekaa ukingoni, mikono yote miwili imeshika tumbo, damu inapita kati ya vidole.

"Ninyi!" askari mmoja akatuita. Alikuwa ameketi kwenye usukani anasokota funguo bure. "Nani najua motokari?"

Sadiya akafungua mdomo. Fadhul alimshika mkono akaubana.

"Wewe mzee, wewe nafanya kazi gani?"

"Mimi mulimaji tu, afande," Fadhul akasema. Mkono wake mbovu alikuwa ameuficha ndani ya kanzu.

"Hii motokari ya nani?"

"Mimi hapana jua. Sijaona hii mbele ya leo."

Kijana wa Arua aliinua kichwa. Alimtazama Fadhul, akamtazama yule bibi mwenye fimbo anayechechemea nyuma yetu. Niliona kwamba ametambua mmoja na ameelewa wa pili. Midomo yake ilicheza. Kisha akafumba macho, akarudi kushika tumbo lake.

"Pita," yule askari akasema. Tulipokuwa tunashuka upande wa pili alitoka, akarudi nyuma hatua chache, akalimiminia gari risasi, boneti kwanza, halafu taa, halafu vioo, akilitukana kama mtu. Baadaye tulisikia petroli ikishika moto, na joto likatufikia mgongoni.

Fadhul hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika, mara moja.

"Baba," Rehemah akanong'ona nyuma yake. "Pole, baba."

"Inama," akasema. "Bibi mzee hapana tembea namna hiyo. Inama vizuri, utembee."